Sura ya Tisa, Dakika ya Ishirini na Mbili

Maoni yalikuwa matatu. Wasikilizaji arobaini, wiki mbili nzima, na maoni matatu. Mkuu wa kampuni aliyasoma kwa sauti mbele ya kikao, polepole kama anayesoma wosia.

"La kwanza: 'Nzuri.' La pili: 'Nzuri sana.' La tatu..." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "La tatu: 'Mbona hii kitu inakula chaji hivi?'"

Kikao kizima kiliangua kicheko. Hata mhudumu aliyekuwa akikusanya vikombe alicheka, naye hakujua kinachochekwa ni nini. Mwanamke aliyebuni jambo lenyewe alicheka pia, maana usipocheka na wenzako watakucheka peke yako. Ofisini walimwita Rangi, kwa kuwa wiki yake ya kwanza alibishana saa mbili juu ya rangi ya kitufe kimoja. Alilolijua yeye na wenzake hawakulijua ni kwamba "Nzuri" na "Nzuri sana" yaliandikwa na mume wake, kwa simu mbili tofauti.

Kampuni iliuza vitabu vya kusikiliza kwenye simu. Msomaji mwenye sauti yake tamu anakusomea riwaya sura kwa sura, na wewe unafua, unaendesha gari, unapiga pasi. Rangi aliajiriwa kwa majaribio ya miezi mitatu ili abuni mahali ambapo wasikilizaji wangezungumza juu ya wanachokisikia. Alipaita Kibaraza. Alikichora mara kumi na nne, kikawa kizuri kweli, chenye visanduku vya kuandikia na vijisura vya kucheka na kulia. Kilikosa kitu kimoja tu, nacho ni watu.

"Ijumaa ya wiki ijayo tunaamua," Mkuu alisema. "Kikiwa hai kinabaki. Kikiwa maiti tunazika."

"Na mimi?" Rangi aliuliza, akajutia kuuliza mbele za watu.

"Wewe uliletwa kwa ajili ya Kibaraza," Mkuu akasema, tena kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma zaidi.

Alirudi nyumbani mapema siku hiyo, kichwa kimejaa maneno ambayo angemjibu Mkuu kama yangemjia kwa wakati. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa karakana ya mama mkwe wake. Mapazia ya mteja yalitandazwa sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta, na kufika jikoni ilibidi mtu aruke kama anayevuka mifereji. Mama mwenyewe alikuwa kwenye cherehani, simu yake imeegemezwa kwenye boksi la nyuzi, kitabu kinasoma. Alikuwa mmoja wa wale arobaini wa majaribio, kwa jina la Mkasi, kwa kuwa kila mjaribu aliambiwa ajichagulie jina la utani.

"Usimfungulie!" Mama alifoka ghafla. Rangi akaruka kando, akidhani amekanyaga pazia. "Mwanamke mzima, huoni kwamba hana hata kifurushi? Mgeni gani anakuja kulala nyumba ya wageni bila mzigo?"

"Mama, unasema na nani?"

"Na huyu mpumbavu, mwenye nyumba ya wageni. Kila anayebisha anamfungulia. Atakuja kujuta."

Rangi alibaki amesimama, mguu mmoja kwenye pazia la watu. "Mama, haya maneno mbona hukuyaandika kwenye Kibaraza?"

"Kwa mkono upi?" Mama akaionyesha mikono yake. "Huu umeshika kitambaa, huu unakisukuma. Labda niandike kwa kiwiko."

"Si ungeandika ukimaliza pindo."

"Nikimaliza pindo hasira imeshapoa, niandike nini tena? 'Nzuri'?"

Rangi hakucheka. Alikaa chini juu ya mapazia, na mama mkwe wake kwa mara ya kwanza hakumfukuza, maana aliiona sura ya mkwe wake na akadhani anaumwa.

"Na mtu asije akanieleza mambo ya mbele," Mama aliendelea, mguu umerudi kwenye kanyagio. "Kile kitabu cha kwanza, mteja wangu mmoja alinimwagia mwisho wote wakati namchukua vipimo. Nikamshonea sketi ya kumbana. Makusudi."

Rangi alikuwa ameshainuka. Alimshika mama mkwe wake mashavu mawili, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aolewe, akambusu utosini, akaruka mapazia kwa hatua mbili kwenda kutafuta karatasi.

"Huyu naye ana nini?" Mama aliiuliza cherehani.

*

Mtengeneza programu wa ofisi aliitwa Kimya. Vipokea sauti havikutoka masikioni mwake tangu asubuhi hadi jioni, na wengine waliapa kwamba anaoga navyo. Jumanne Rangi alimwekea karatasi mezani, akasubiri.

"Hakuna kuandika," Kimya alisoma.

"Hakuna. Ni sauti tu. Kioo kizima cha simu ndicho kitufe. Uguse kwa kidole, kwa kiganja, kwa kiwiko, popote. Kitabu kinasimama, unasema lako, kinaendelea."

"Na wengine wanalisikia lini?"

"Wakifika mahali hapohapo. Sura ileile, dakika ileile. Kitabu kinasimama kidogo, wanakusikia kama uko nao chumbani. Ambaye hajafika hasikii kitu. Hata kuona haoni."

Kimya alikitoa kipokea sauti cha sikio moja. Kwa watu wanaomfahamu, hiyo ilikuwa sawa na mwingine kupanda juu ya meza.

"Na wakijibizana?"

"Majibu yote yaning'inie kwenye sauti ya kwanza. Mwenye sauti ya kwanza akiifuta, na majibu yake yaondoke. Sitaki watu waendelee kumjadili mtu ambaye ameshajutia maneno yake."

"Siku mbili," Kimya alisema, akakirudisha kipokea sauti sikioni.

Alhamisi mchana Kibaraza kipya kikawa kwenye simu za wale arobaini. Rangi alikuwa na ukurasa wake wa usimamizi, na humo kila msikilizaji alionekana kama nukta yenye jina lake la utani, ikitembea taratibu juu ya mstari wa kitabu. Saa ya kwanza hakuna kitu. Saa ya pili, dereva mmoja wa lori aliguna, mguno mtupu, sura ya pili. Rangi aliusikiliza mara sita kwa furaha. Ilipofika jioni kulikuwa na sauti kumi na nane. Ijumaa, hamsini. Muuguzi aliyejiita Dripu alimtukana mwenye nyumba ya wageni matusi ya adabu kabisa, na mwashi aliyejiita Tofali akamtetea kwa sababu, alisema, mtu akibisha mlango anafunguliwa, mengine baadaye. Nyuma ya sauti zao zilisikika sufuria, honi, watoto, saruji ikikorogwa. Rangi alitembea ofisini kama amevishwa viatu vipya.

"Wanaongea!" alimwambia mhudumu wa chai. "Wanaongea wenyewe, sijawabembeleza!"

*

Jumatatu asubuhi alikuta kitu cha ajabu. Mahali pamoja tu katika kitabu kizima, sura ya tisa, dakika ya ishirini na mbili, palirundikana sauti thelathini na mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Mkasi.

Rangi alilijua tukio lenyewe. Dada mkubwa kitabuni anapata barua kwamba baba yao yu mahututi, naye anaificha asimpelekee kaka yake, kwa kuwa kaka yuko ugenini kwenye mitihani. Akagusa sauti ya mama mkwe wake.

"Mnamlaumu bure huyu dada," Mama alikuwa akisema, na cherehani haikusikika, maana yake aliisimamisha kabisa. "Alifanya vizuri kuficha. Mtu amejifungua juzi, tena kwa kupasuliwa, mtoto ana siku tatu. Unamwambia nini? Njoo uzike? Apande gari, mshono ufumuke, tuzike wawili? Mimi ningeficha vilevile. Watu hawajui uzito wa kukaa na neno kama hilo mdomoni."

Baada yake dereva wa lori: "Mama Mkasi, shikamoo. Nani kajifungua? Huyu kaka si yuko kwenye mtihani?"

Halafu Dripu: "Hata mimi nimerudi nyuma mara mbili kumtafuta huyo mtoto. Mama, unasikiliza kitabu hikihiki?"

Halafu Tofali, taratibu: "Mtoto hayumo. Lakini mama wa watu anasema jambo lake. Hamsikii? Mimi baba alikufa nikiwa mbali kwenye kazi ya daraja, nikaambiwa baada ya miezi miwili. Mpaka leo sijui niwashukuru au niwachukie."

Baada ya hapo mlango ulifunguka. Mmoja alifichwa talaka ya wazazi wake, mwingine alimficha mumewe ugonjwa. Watu wasiojuana waliulizana, wakafarijiana. Hiki ndicho alichokuwa akikitaka tangu siku ya kwanza, na sasa amekipata, na hapohapo moyo ulimwambia kuna kitu hakiko sawa. Ni mtoto gani huyo wa siku tatu?

Mume wake alimjibu mchana huohuo, uani, akiwa amepiga magoti nyuma ya friji ya mteja. Alikuwa fundi wa friji, na siku za mambo magumu alipenda kuzungumza kichwa kikiwa ndani ya mashine.

"Ni Mama Mdogo," alisema. "Bibi alipofariki, Mama Mdogo alikuwa hospitali mji mwingine, amejifungua kwa kupasuliwa. Mama akasema asiambiwe. Tukazika. Akaja kuambiwa wiki baadaye. Tangu hapo ni miaka minne hawajasemeshana, na humu ndani jina lake halitajwi. Si unajua."

"Najua halitajwi. Sikujua kwa nini."

"Basi ndiyo hiyo." Fundi akafungua parafujo ambayo haikuwa na haja ya kufunguliwa. "Kuna jambo jingine."

"Toa kichwa kwanza."

Akakitoa. Kilikuwa na vumbi na hatia. "Si uliniambia nikutafutie watu kumi wa majaribio? Nilipata tisa."

"Na wa kumi?"

"Wa kumi ni Mama Mdogo. Huwa napita kwake. Yule Kifungo."

Rangi alikimbilia simu yake. Kifungo alikuwa mmoja wa wasikilizaji wa taratibu, kila siku sura moja au nusu, hajawahi kusema neno. Nukta yake ilikuwa mwisho wa sura ya saba.

*

Usiku ule na siku iliyofuata Rangi alipiga mahesabu ya moyoni. Angeweza kufuta kimyakimya. Lakini akifuta, sauti thelathini na mbili zinaondoka, na Ijumaa atasimama mbele ya Mkuu na miguno ya dereva wa lori. Angeweza pia kunyamaza, Kifungo afike, kitakachotokea kitokee. Akinyamaza na mama mkwe akaja kugundua, ataishije katika nyumba hiyo? Mke wa mtu hana pa kujificha mbele ya mama mkwe, hasa nyumba yenye mlango mmoja na mlango wenyewe unapitia kwenye karakana.

Jumatano alirudi mchana, akaruka mapazia, akakaa kwenye kigoda.

"Mama, nina neno."

"La njaa au la kazi?"

"La kazi. Na la nyumbani."

Cherehani ikanyamaza.

"Yale uliyoyasema sura ya tisa. Kuna mtu atayasikia kesho au keshokutwa. Anajiita Kifungo." "Ni mdogo wako, Mama."

Alichukua mkasi, akakata uzi, akaurudisha mkasi mahali pake, akaunyoosha ukawa sambamba na ukingo wa meza.

"Nani kamwingiza?"

Mlangoni, fundi wa friji alikuwa amesimama na bisibisi mkononi. "Mimi, Mama."

"Kwa hiyo mnajua nyote. Mimi nimekaa hapa napayuka mbele ya watu arobaini, na mwanangu wa kumzaa ameniwekea sikio la huyo dirishani." Sauti yake haikupanda, na ndiyo maana mwanawe alirudi nyuma hatua moja. "Futa."

"Sawa, Mama," Rangi alisema, akaifungua simu.

"Mama, subiri," mume akadakia. "Hiyo ikifutwa na kazi yake inakwenda. Ijumaa ndiyo..."

"Wewe nyamaza!" Rangi alimgeukia kwa ukali ambao ulimshangaza yeye mwenyewe. Kisha kwa mama mkwe, taratibu: "Kazi ni yangu, Mama, nitaitafutia dawa mwenyewe. Sauti ni yako. Nafuta sasa hivi."

Kidole kilikuwa hewani.

"Ngoja," Mama alisema. "Yuko wapi sasa?"

"Sura ya nane. Dakika ya tano."

"Anasikiliza sasa hivi? Saa hii?"

"Ndiyo. Nukta ikitembea, anasikiliza."

"Nionyeshe."

Rangi akamsogezea simu. Mama alishusha miwani puani, akaitazama nukta ya buluu iliyokuwa ikijongea juu ya mstari, unywele kwa unywele. Miaka minne hakuwa amemwona mdogo wake, na sasa alikuwa amemwona, akiwa hana uso wala mikono, yuko hai anasikiliza kitabu.

"Anakwenda polepole."

"Ni mwendo wa kawaida, Mama. Wewe huwa unakimbiza."

"Ndivyo alivyo tangu utoto. Tulipokuwa tunashona pamoja, gauni moja siku tatu. Wateja walikuwa wananigombeza mimi." Nukta ikasimama. Mama akaishika simu kwa mikono miwili. "Kaenda wapi? Imekuwaje?"

"Amesimamisha tu. Labda kaja mteja."

Wote watatu walisubiri. Pazia liliteleza kutoka kwenye meza likaanguka, na hakuna aliyeinama kuliokota. Nukta ilipoanza tena kutembea, Mama alishusha pumzi kwa nguvu.

"Iache," alisema.

"Nisifute?"

"Nimesema iache. Nilichosema nilikisema, na ni yeye niliyekuwa namwambia, nilikuwa sijui tu kwamba anasikia." Akairudisha simu. "Lakini isichezwe ofisini kwenu, watu wa tai wakae na chai yao wanisikilize. Hao wengine wamenisikia kwa kufika pale kwa masikio yao. Nyie hamjafika."

*

Alhamisi saa nne asubuhi, Rangi na Kimya walikuwa wamebanana mbele ya kioo kimoja. Kimya alikuwa ametoa vipokea sauti vyote viwili, na masikio yake yalionekana madogo kuliko ilivyodhaniwa.

"Kumi na tisa," alisema.

"Ishirini."

"Ishirini na moja. Rangi, mbona mimi natoka jasho? Simjui hata mmoja."

Nukta ikafika ishirini na mbili, ikasimama. Mama Mkasi alikuwa anasema sasa, mahali fulani, kwenye chumba wasichokijua. Ikakaa. Kisha ikarudi nyuma nusu dakika, ikaja tena, ikasimama. Ikarudi tena. Na tena. Mara ya nne ilipokuja, Rangi alikuwa ameushika mkono wa Kimya na Kimya hakulalamika.

Baada ya hapo ikaondoka. Ilisonga mbele bila kuacha neno, ikamaliza sura ya tisa, ikaingia ya kumi, ya kumi na moja. Kifungo, aliyekuwa akisikiliza nusu sura kwa siku, alisikiliza kitabu mchana kutwa bila kupumzika. Saa kumi jioni nukta iligonga ukuta wa mwisho wa sura ya kumi na nne. Hapo, kwenye dakika ya mwisho kabisa, ikatokea alama ya sauti moja.

"Ameijibu mwisho wa kitabu!" Kimya alinong'ona. "Angeweza kujibu palepale, kaenda kuiweka mwisho." Mkono wake ulikuwa tayari juu ya kitufe, kwa kuwa wenye ukurasa wa usimamizi huweza kusikia chochote. "Tusikilize?"

Rangi alitamani mpaka meno yakauma. "Hatujafika," alisema.

Jioni alimwambia mama mkwe wake kwamba kuna sauti mwisho wa kitabu. Imesema nini, hajui. Akimtaka amrushe hadi mwisho, ni kugusa mara moja tu.

"Nimebakiza sura ngapi?"

"Tatu na kidogo."

"Yeye kaenda kwa miguu," Mama alisema, "na mimi nitakwenda kwa miguu."

*

"Sauti mia mbili na kumi na mbili," Rangi alisema Ijumaa, amesimama mbele ya kikao kilekile, vikombe vilevile. "Siku nane. Kati ya wasikilizaji arobaini, thelathini na sita wamesema angalau mara moja. Kabla ya hapo watu waliomaliza kitabu walikuwa saba. Wiki hii wamekimaliza ishirini na tisa."

Hakuna aliyecheka. Mkuu aliishika karatasi ya takwimu, akaigeuza kama anayetafuta bei nyuma yake.

"Hapa pana thelathini na mbili mahali pamoja," alisema. "Sura ya tisa. Tuwekee tusikie."

"Mkuu, umefika sura ya tisa?"

"Sijafika sura ya kwanza. Nina kampuni ya kuendesha. Tuwekee."

"Basi haitawezekana."

Kimya, kwenye kona, alifumba macho. Ulimi wa Rangi ulikuwa umeshaondoka, na kuurudisha ingekuwa aibu kuliko kufukuzwa.

"Watu wale walisema kwa sababu walijua anayewasikia ni aliyefika pale walipofika wao. Hiyo ndiyo kazi yote niliyoifanya, Mkuu. Vitufe na rangi ni mapambo. Nikikuwekea wewe ambaye hujafika, nimewadanganya watu thelathini na wawili, na mmoja wao ni wa nyumbani kwangu. Kitabu kina saa kumi na moja. Ukianza leo, Jumapili utakuwa umefika."

Mkuu alimtazama, akatazama karatasi, akamtazama tena.

"Kinaanzaje hicho kitabu?" aliuliza.

"Kuna mgeni anabisha mlango. Hana mzigo."

"Hana hata begi?"

"Hana kitu."

"Na wanamfungulia?" Mkuu alikunja uso. "Watu wajinga hawa."

"Sema hivyohivyo," Rangi alisema, "sura ya pili, ukifika wanapomfungulia. Kuna mwashi atakujibu."

Safari hii kikao kilicheka vizuri. Mkuu alinyoosha mkono, akaomba vipokea sauti vya Kimya, akapewa kwa shingo upande. Kibaraza kinabaki, alisema, na mkataba wa Rangi uandikwe. Rangi alisema uandikwe leo. Ukaandikwa leo.

*

Aliingia nyumbani mbio, karatasi imekunjwa mkononi, akaruka pazia la kwanza na la pili akipiga kelele. "Mama! Mama, wamekubali!"

Mama aliinua kiganja bila kugeuka. "Nyamaza. Nimebakiza dakika sita."

Cherehani ilikuwa imefunikwa. Mama alikuwa amekaa na mikono yake mitupu mapajani, na katika ukwe wake wote Rangi hakuwahi kuiona mikono hiyo mitupu mchana. Fundi wa friji alikuwa ukutani, amechuchumaa, mafuta hadi viwikoni. Rangi akakaa palepale alipokuwa, katikati ya vitambaa.

Msomaji alimaliza riwaya kwa sauti yake tamu. Kitabu kikasimama. Kisha chumbani ikaingia sauti ya mwanamke mwingine, kavu kidogo, isiyo na haraka.

"Dada. Nimekurudia mara nne. Mara ya kwanza nilitaka kuitupa simu. Unasema uliogopa tungezika wawili. Ningekuja, Dada. Ningekuja na mshono wangu na mtoto kifuani, nimwone mama mara ya mwisho. Hukuwa na haki ya kuniamulia. Nimelisema, limetoka. Nami pia nina langu. Miaka minne nimesubiri uniulize habari za mtoto, na nikaapa sitakuambia mpaka uulize. Sasa nimechoka. Ni wa kike. Nilimpa jina la mama."

Kioo kikarudi kwenye picha ya jalada. Mama alikigusa kwa kiwiko, kwa mazoea. Hakikufanya kitu. Akakigusa kwa kiganja, akakipiga.

"Mbona hakinichukui? Nataka kusema!"

"Kitabu kimekwisha, Mama," Rangi alisema, machozi yakimtoka wala hayafuti. "Baada ya mwisho hakuna pa kuweka sauti. Sikupafikiria."

Mama alimgeukia mwanawe. "Na wewe ulijua jina?"

"Ulikataza tusiwataje."

"Nilikataza." Alilirudia neno hilo kama lililosemwa na mtu mwingine. Kisha akamsukumia simu. "Nipigie. Weka kwa sauti kubwa, masikio yangu yamechoka."

Simu iliita mara mbili tu. Upande wa pili ulipokelewa, lakini hakuna aliyesema halo, na kwa muda nyumba mbili zilisikilizana zikipumua.

"Nina ugomvi na wewe, na wewe una ugomvi na mimi," Mama alisema hatimaye, "na tutaumaliza, leo haitoshi. Kwanza nipe huyo mtoto."

Vilisikika viti, minong'ono, miguu midogo ikija mbio. Mama alinyanyuka, akasimama wima kama anayeitwa mbele za watu. Akalitaja jina la mama yake, ambalo halikutoka kinywani mwake tangu siku ya mazishi.

"Abee!" mtoto akaitika.